Dubu Wamerudi, Sasa Nani Atawatunza?

Muhula uliopita chama chetu kilifanya mjadala. Hoja ilikuwa hii: "Mnyama aliyeokolewa asiangamie hafai kuwindwa tena kamwe." Mimi nilikuwa upande wa wapingaji. Nilisimama kidete nikasema kwamba mnyama akishakuwa mwingi, uamuzi urudishwe mikononi mwa watu wanaoishi naye. Sikusema hayo kwa kubahatisha. Nyanya yangu analima kando ya mbuga, na mwaka juzi ndovu waliingia shambani mwake usiku. Kulipokucha hapakuwa na mhindi hata mmoja uliosimama. Mwaka mzima tukawa watu wa kununua unga. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti.

Tulishinda, na makofi tulipigiwa. Lakini baadaye mwalimu mlezi wa chama aliniita kando akaniuliza, "Hebu nitajie mahali pamoja ambapo mnyama aliokolewa, akaongezeka, kisha wenyeji wakakabidhiwa. Mambo yalikwendaje?" Nikabaki nimekodoa macho. "Mwalimu, sijui," nikajibu. Akacheka, akasema, "Basi nenda ukasome, halafu uje utufundishe." Makala hii ndiyo jibu langu. Nimechagua kisa cha dubu grizli wa Marekani, kwa sababu huko swali letu la mjadala limefika hadi mahakamani, tena si mara moja.

DUBU GRIZLI NI NANI?

Grizli ni dubu mkubwa wa rangi ya hudhurungi, na ncha za manyoya yake mara nyingi huwa na weupe au kijivu. Ana nundu mabegani, uso uliobonyea kidogo katikati, masikio mafupi ya mviringo na kucha ndefu za mbele. Alama hizi si za kupamba makala. Katika jimbo la Montana, mtu anayetaka kibali cha kuwinda dubu mweusi hulazimika kwanza kufaulu mtihani wa kutofautisha dubu huyo na grizli. Yaani hata mwindaji ana mtihani wake kama sisi!

Jambo kubwa la kukumbuka ni kwamba grizli huzaa polepole. Jike huanza kuzaa akiwa na miaka mitano au sita hivi, na tangu uzazi mmoja hadi mwingine hupita kama miaka mitatu. Watoto huzaliwa katikati ya majira ya baridi, ndani ya shimo ambamo mama amelala miezi mingi bila kula. Kwa hiyo majike wachache wakiuawa, pengo lao haliwezi kuzibwa upesi.

WALIKWISHAJE, NA WALIRUDIJE?

Mwanzoni mwa karne ya 19 inakadiriwa kwamba grizli wapatao 50,000 waliishi magharibi mwa nchi hiyo, mbali na Alaska. Walipigwa risasi, wakategwa na kulishwa sumu. Katika jimbo la California walimalizika kabisa miaka ya 1920, na hali picha ya dubu huyo ndiyo iliyo kwenye bendera ya jimbo mpaka leo. Kumbe mtu anaweza kuua kitu kisha akakipepeza bendera!

Kufikia mwaka 1975 walikuwa wamebaki chini ya 1,000. Katika eneo la mbuga ya Yellowstone na milima iliyoizunguka walikadiriwa kuwa 136 tu. Mwaka huo serikali kuu ya Marekani iliwaweka chini ya ulinzi wa Sheria ya Spishi Zilizo Hatarini ya mwaka 1973.

Hapa lazima nieleze tofauti kati ya kwetu na kwao, la sivyo msomaji atapotea. Hapa Kenya wanyamapori wako chini ya serikali ya taifa, na uwindaji wa starehe ulipigwa marufuku mwaka 1977. Marekani, kwa kawaida, kila jimbo ndilo linalosimamia wanyama wake: hutoa vibali, huweka misimu na hutoza faini. Serikali kuu huingia pale spishi inapokaribia kutoweka. Mnyama akiwekwa chini ya ulinzi huo ni kama mgonjwa aliyelazwa hospitalini. Akiongezeka vya kutosha, huruhusiwa kurudi nyumbani, yaani kwa jimbo. Sasa swali ni je, nyumbani kuna mtu wa kumtunza?

Mgonjwa huyu alipona. Majalala yalifungwa, mapipa ya taka yasiyofunguka kwa dubu yakawekwa, na kumuua dubu bila sababu halali kukawa kosa la kujibiwa mahakamani. Leo eneo la Yellowstone lina grizli wapatao 1,000, na kaskazini mwa Montana kuna wengine zaidi ya 1,000. Wametoka milimani wakafika hata kwenye mashamba ya nyanda, mahali ambapo babu za wakulima wa leo hawakumwona dubu maishani mwao.

KANUNI ZA MAJIMBO ZINASEMA NINI?

Mwaka 2017 serikali kuu iliwatoa dubu wa Yellowstone kwenye ulinzi, na majimbo matatu, Wyoming, Montana na Idaho, yakakabidhiwa. Majimbo hayo yalikuwa yamekubaliana kanuni za hesabu, nami naziweka hapa kwa mpango ili zieleweke.

Kwanza, kuna eneo maalumu la kuhesabia lenye ukubwa wa kilomita za mraba karibu 50,000. Dubu wa nje ya eneo hilo hawahesabiwi.

Pili, kuna kikomo cha vifo. Dubu wakiwa 674 au chini yake, majike wakubwa wanaokufa kwa mwaka wasizidi asilimia 7.6. Wakiwa kati ya 675 na 747, wasizidi asilimia 9. Wakipita 747, wasizidi asilimia 10. Vifo vyote huingia katika hesabu hiyo: waliogongwa na magari, waliouawa kwa kula mifugo, waliokufa wenyewe, na waliowindwa.

Tatu, dubu wakishuka chini ya 600, mauaji ya hiari, uwindaji ukiwa mmojawapo, husimama isipokuwa kwa usalama wa watu.

Tuchukue mfano wa kufikirika. Tuseme dubu wamepita 747 na majike wakubwa ni 300. Asilimia 10 ni majike 30. Ikiwa mwaka huo 26 wamekwisha kufa kwa sababu nyingine, basi mwindaji hana ruhusa ya kugusa zaidi ya wanne. Mnaona? Uwindaji hupata masalio tu, haupati sahani ya kwanza.

Nilipofika hapa nilifurahi, nikasema kumbe nilikuwa sahihi mjadalani. Haraka yangu haikuwa na baraka.

KILICHOTOKEA MWAKA 2018

Jimbo la Montana liliamua kutowinda mwaka huo. Idaho ilipanga dubu mmoja. Wyoming ilipanga wasiozidi 22, na vibali vikatolewa kwa kura. Maelfu ya watu waliomba, wakiwemo wapinzani wa uwindaji waliotaka kibali ili wasikitumie. Mmoja wa walioomba kwa nia hiyo alikuwa Jane Goodall, yule mtafiti aliyejulikana kwa kazi yake juu ya sokwe wa Gombe, Tanzania. Yeye hakupata, lakini mpiga picha Thomas Mangelsen alipata, akasema atawapiga dubu kwa kamera.

Hakuna dubu aliyewindwa. Tarehe 24 Septemba 2018 Jaji Dana Christensen, mjini Missoula, aliwarudisha dubu kwenye ulinzi, na mwaka 2020 mahakama ya rufani ikamuunga mkono. Jaji hakusema kwamba kuwinda ni dhambi. Alisema serikali haikuangalia madhara kwa makundi mengine ya grizli, wala haikuhakikisha kwamba dubu wa Yellowstone, ambao wamejitenga kama watu wa kisiwani, watapata damu mpya.

Sababu nyingine ndiyo iliyonifungua macho. Kikomo cha 674 kilitokana na njia fulani ya kuhesabu. Je, njia ikibadilishwa, kikomo nacho kitabadilishwa? Majimbo hayakuwa yamefungwa na ahadi hiyo. Na kweli, mwaka 2021 njia ya kuhesabu ilirekebishwa, na makadirio yakaruka kutoka mia saba na kitu hadi zaidi ya 1,000. Si kwamba mamia ya dubu walizaliwa usiku mmoja; kilichobadilika ni kipimo. Ni sawa na mwenye duka anayekubaliana nawe bei ya kibaba, halafu anabadilisha kibaba na kuiacha bei palepale. Kanuni inaweza kuwa na tarakimu nzuri na bado ikawa na tundu.

NA WENYEJI JE?

Msinielewe vibaya. Mfugaji wa Montana ana haki ya kulalamika, na mimi namwelewa kuliko wengi wenu. Anayekaa mjini hampotezi ndama kwa dubu. Kanuni nzuri za majimbo hazihusu bunduki peke yake. Montana ina bodi ya kulipa fidia ya mifugo iliyouawa na mbwa mwitu au grizli. Wafugaji husaidiwa kuweka ua wa umeme kuzunguka mizinga na mabanda. Waendao porini hushauriwa kubeba dawa ya pilipili ya kupulizia. Katika mji wa West Yellowstone kuna kituo ambapo mapipa ya taka hupewa dubu wafungwa wayajaribu: pipa likistahimili kucha na meno kwa saa moja, limepita. Hata tatizo la damu mpya limeanza kushughulikiwa: mwaka 2024 dubu wawili walihamishwa kutoka kaskazini mwa Montana na kupelekwa eneo la Yellowstone.

Hata hivyo mvutano uliendelea. Montana na Wyoming ziliomba tena dubu watolewe kwenye ulinzi. Januari 2025 serikali kuu ilikataa, lakini ikapendekeza kanuni mpya za kuwapa wenyeji nafasi zaidi ya kujilinda na kulinda mifugo. Fahali wawili wapiganapo, ziumiazo ni nyasi, na hapa nyasi ni dubu na mfugaji kwa pamoja.

NINAVYOONA SASA

Mjadalani nilisema, "Wenyeji wakabidhiwe." Bado nasema hivyo, ila nilisema nusu. Nusu ya pili ni kwamba wakabidhiwe pamoja na kanuni zisizo na tundu: idadi ya chini isiyovukwa, kikomo cha vifo kinachobadilika pamoja na kipimo, na fidia inayofika mapema. Ulinzi usio na fidia humfanya mwenyeji amchukie mnyama. Nao uhuru usio na kikomo ndio uliowaacha dubu 136 peke yao.

Nilimsomea nyanya makala haya jikoni. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Hao watu wa huko, mjukuu wangu, nao walichagua kuishi na dubu?" Nikamwambia jambo nililokuwa nimeliacha. Mwaka 1982 wanafunzi wa shule za Montana walipiga kura kuchagua mnyama wa jimbo lao, wakamchagua grizli, na mwaka 1983 ikawa sheria. Nyanya akanyamaza kidogo, akasema, "Watoto walichagua vyema. Basi wakubwa wawalipie." Mimi sina la kuongeza.

MASWALI YA KUJADILI CHAMANI

1. Kwa nini kifo cha jike mmoja kina uzito kuliko cha dume mmoja?
2. Ikiwa majike wakubwa ni 250, na dubu wote wamepita 747, kikomo cha vifo vya majike ni wangapi?
3. Eleza hatari ya kubadilisha njia ya kuhesabu bila kubadilisha kikomo.
4. "Mnyama aliyeokolewa hafai kuwindwa tena kamwe." Jadili upya, na safari hii kila msemaji aje na kisa kimoja alichokisoma.