Benchi la Urafiki: Kumsikiliza Mwenye Mawazo Mengi

Kila wiki hospitalini tunawapokea watu wanaolalamika kichwa kuuma, moyo kwenda mbio na kukosa usingizi. Tunapima malaria, tunapima shinikizo la damu, hatuoni kitu. Wanapewa vidonge vya maumivu, na baada ya siku chache wanarudi tena. Wengi wao wanaumwa mawazo. Washona wa Zimbabwe huiita hali hiyo kufungisisa, maana yake kufikiri kupita kiasi. Mwezi huu tujifunze kwa daktari mmoja wa huko jinsi ya kumsaidia mtu wa namna hiyo.

Daktari na bibi wazee

Dixon Chibanda ni daktari wa magonjwa ya akili mjini Harare. Mwaka 2005 msichana mmoja aliyekuwa mgonjwa wake alijiua. Alitakiwa arudishwe hospitali, lakini familia yake iliishi mbali na ilikosa nauli ya basi, kama dola 15 tu. Daktari akaona kwamba haitoshi kumngoja mgonjwa hospitalini. Msaada lazima umfuate anakoishi.

Mwaka 2006 alianza kazi Mbare, mtaa wa watu wa hali ya chini. Hakupewa muuguzi wala chumba. Alipewa bibi wazee 14, wahudumu wa afya wa mtaa, akawafundisha kutoa ushauri nasaha. Benchi la mbao likawekwa nje ya zahanati. Mwanzoni liliitwa benchi la afya ya akili, na watu wakaona aibu kulikalia. Bibi hao ndio walioshauri liitwe Benchi la Urafiki.

Mazungumzo yanavyokwenda

Kwanza mgonjwa huulizwa maswali 14: kama analala vizuri, kama analia, kama anafikiri sana, na mengine. Kisha zinafuata hatua tatu:

1. Kufungua mawazo. Mgonjwa anaeleza matatizo yake yote. Bibi anasikiliza, hamkemei wala hamhukumu. Halafu mgonjwa mwenyewe anachagua tatizo moja la kuanza nalo.

2. Kuinua. Wanatafuta pamoja hatua ndogo inayowezekana. Tuchukue mfano wa mama aliyeachwa na mume, ana deni dukani, na mtoto amerudishwa shule. Akichagua deni, hatua yake yaweza kuwa kwenda kwa mwenye duka kuomba alipe kidogo kidogo.

3. Kutia nguvu. Anarudi kueleza ilivyokwenda. Ikishindikana, wanatafuta njia nyingine.

Mgonjwa huweza kukaa kwenye benchi hata mara sita. Baadaye hukaribishwa katika kikundi cha wenzake, ambako husuka mifuko huku wakizungumza.

Je, inasaidia? Utafiti uliotolewa mwaka 2016 uliwafuata watu 573 mjini Harare. Baada ya miezi sita, kati ya waliokaa na bibi, kama 14 katika kila 100 bado walikuwa na dalili za huzuni nzito. Kati ya waliopata huduma ya kawaida walikuwa 50 katika kila 100. Benchi hilo limefika pia Malawi na Zanzibar.

Tunajifunza nini?

Sisi wauguzi, na ninyi wazazi na majirani, tuna haraka ya kusema "usiwaze" au "vumilia." Maneno hayo humfunga mtu mdomo. Tuulize, tunyamaze, tusikilize, na tutunze siri.

Lakini tuangalie: anayesema amechoka kuishi, tumwulize waziwazi kama anafikiri kujiua. Kumwuliza hakumtii wazo hilo. Tusimwache peke yake, tumfikishe hospitali siku hiyohiyo. Hata bibi wa Harare huwapeleka watu hao kwa wakubwa wao. Vivyo hivyo anayesikia sauti wasizosikia wengine anahitaji daktari.

Maswali ya kujadiliana

1. Mtaani kwetu, mwenye mawazo mengi humwendea nani?
2. Kwa nini ni vizuri mgonjwa achague mwenyewe tatizo la kuanza nalo?
3. Mgonjwa akikosa nauli ya kurudi hospitali, sisi majirani tufanye nini?