KURA NI AMANA
Somo kwa watu wa Delta ya Rufiji na Kibiti katika msimu wa uchaguzi



Somo hili ni juu ya jambo ambalo watu wengi hulidhani kuwa ni la dunia tupu, nalo ni kumchagua mtu wa kushika mamlaka. Ufikapo msimu wa uchaguzi, mashua zinazotoka Nyamisati kwenda vijiji vya Delta hujaa bendera na fulana, na barabara ya Kibiti hujaa kelele za vipaza sauti. Mwislamu aliyesali alfajiri na jamaa huamka baada ya sala akaenda kuuza kauli yake kwa kilo mbili za sukari, wala asidhani kuwa amefanya kosa. Kosa hilo ndilo lililosababisha somo hili kuandikwa.

MLANGO WA KWANZA
Maana ya kura katika mizani ya dini

Wanazuoni wa zamani hawakuikuta kura ya karatasi, lakini waliikuta maana yake. Mufti Muhammad Shafi wa Pakistan aliieleza kwa sura tatu. Ya kwanza, kura ni ushahidi: mwenye kuipiga anashuhudia kwamba mtu huyu ana uwezo na ni mwaminifu. Ya pili, ni shafaa, yaani kumwombea mtu apewe cheo. Na Kurani katika Sura ya An-Nisaa, aya ya 85, imebainisha kwamba mwenye kushufaia jema hupata fungu lake, na mwenye kushufaia ovu hubeba sehemu yake. Ya tatu, ni uwakili: mpiga kura humweka mtu awe wakili wake, wala si wake peke yake, bali wakili wa kijiji kizima.

Basi na ayazingatie haya anayesema, "Kura yangu moja haina uzito." Ushahidi wa uwongo ni katika madhambi makubwa, nao husemwa na mtu mmoja kwa ulimi mmoja. Na uwakili ukiharibika, anayeumia si aliyeutoa tu. Huumia na mjane, na yatima, na mvuvi aliye baharini siku ya kura asiyepata kusema neno.

Aya ya 58 ya sura hiyohiyo yaamrisha kwamba amana zipewe wenye kustahiki, na kwamba wenye kuhukumu wahukumu kwa uadilifu. Kisha aya ya 59 ndiyo inayotaja kuwatii wenye mamlaka. Upo mpango ndani ya utaratibu huo: amana na uadilifu vimetangulia, utiifu umefuata. Asiyetaka kuulizwa juu ya la kwanza hana haki ya kuidai aya ya pili peke yake.

MLANGO WA PILI
Khabari za utawala katika Rufiji

Watu wa Rufiji wameonja utawala wa namna nyingi. Zama za Wadachi, maakida waliwekwa juu ya watu pasipo watu kuulizwa, na mashamba ya pamba yakalimwa kwa kulazimishwa. Dhuluma ile ilikuwa katika sababu za vita vya Maji Maji vya mwaka 1905. Kinjikitile wa Ngarambe alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti mwaka huohuo. Hiyo ndiyo khabari ya watu waliotawaliwa pasipo kushauriwa.

Mwaka 1965 yakatokea ya namna nyingine. Bibi Titi Mohamed, aliyesimama bega kwa bega na Julius Nyerere katika kupigania uhuru, na ambaye sauti yake iliwakusanya wanawake wa nchi nzima katika TANU, aligombea kiti cha Bunge cha Rufiji akashindwa. Wakati ule chama kilikuwa kimoja, na wagombea wawili wa kila jimbo walitofautishwa kwa alama ya jembe na ya nyumba. Katika khabari hii lipo funzo, wala si dharau kwa mwanamke yule mkubwa: kwamba sifa ya mtu, ijapokuwa ni ya kweli, haimfanyi kuwa mwenye kumiliki kura za watu. Amana hutolewa, na muda ukifika hurudi kwa wenyewe, nao humpa wamtakaye. Waliirudisha kwa karatasi, si kwa panga.

Leo mtu wa Delta ana mlango ulio karibu zaidi naye kuliko Bunge, nao ni serikali ya kijiji. Kwa sheria ya mwaka 1982, mkutano mkuu wa kijiji ni wa kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 na zaidi, na halmashauri ya kijiji ina watu 15 hata 25. Na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imesema kwamba halmashauri huisimamia ardhi ya kijiji kama mdhamini anayesimamia mali ya wengine, wala haina ruhusa ya kuigawa pasipo ridhaa ya mkutano mkuu. Tazama basi jinsi sheria ya nchi ilivyokutana na neno la dini: mdhamini ndiye mwenye amana.

Na katika Rufiji jambo hili si la vitabuni tu. Mwaka 1997 serikali ilikubali mradi wa kuchimba mabwawa makubwa ya kufugia kamba wa baharini katika Delta. Wengi katika wanavijiji waliukataa, wakihofia mikoko, mashamba ya mpunga na mazalio ya samaki. Wakaenda hata mahakamani, na mabwawa yale hayakuchimbwa. Lau kila kijiji kingekuwa na mwenyekiti aliyenunuliwa, nani angalisimama?

MLANGO WA TATU
Takrima na rushwa

Wapo wasemao: "Hii si rushwa, ni takrima, na kukirimu wageni ni katika mila yetu." Maneno haya yaliwahi kuingia hata katika sheria. Mwaka 2000 sheria ya uchaguzi ilirekebishwa, ikaruhusu mgombea kutoa vitu kwa jina la ukarimu wa kimila. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu pamoja na wenziwe wakashitaki, na Aprili 2006 Mahakama Kuu ikahukumu kwamba vifungu vile vinapingana na Katiba, kwa kuwa vinampa nguvu mwenye mali na kumnyima haki masikini. Vikabatilishwa. Baadaye zikaja Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, na Sheria ya Gharama za Uchaguzi ya mwaka 2010.

Lakini Mwislamu hakuhitaji kungoja mwaka 2006. Imepokewa katika Hadithi sahihi kwamba Mtume (S.A.W.) alimtuma mtu kukusanya zaka. Aliporudi, akaligawa fungu lake: hili la Waislamu, na hili nimepewa mimi zawadi. Mtume akapanda juu ya mimbari akauliza, mtu huyu angalikaa nyumbani kwa babake na mamake, zawadi hiyo ingalimfuata?

Kipimo hicho chatosha mpaka Siku ya Kiama. Mgombea agawaye khanga Bungu na sukari Salale, je, aliwakirimu watu hao mwaka uliopita, mafuriko yalipochukua mpunga wao? Atawakirimu mwaka ujao, kura zikisha kuhesabiwa? Ikiwa ukarimu wake huja na karatasi na huondoka na karatasi, huo si ukarimu. Ni bei.

Na bei yenyewe ni ndogo mno. Tuseme mtu amepewa shilingi 10,000. Muda wa uongozi ni miaka mitano, nao una siku 1,826. Ukizigawa fedha zile kwa siku hizo, haifiki shilingi sita kwa siku. Kwa shilingi sita mtu ameuza haki ya kuuliza hesabu za kijiji, na haki ya kulalamika zahanati ikikosa dawa, maana mnunuzi humjibu, "Nilikwisha kukulipa." Na juu ya hasara hiyo ya dunia ipo laana: Mtume (S.A.W.) amemlaani mwenye kutoa rushwa na mwenye kuipokea, wote wawili.

MLANGO WA NNE
Sifa za mtu afaaye

Kurani imezikusanya sifa mbili katika Sura ya Al-Qasas, aya ya 26, pale binti alipomshauri babake amwajiri Musa: nguvu na uaminifu. Nguvu ni uwezo wa kazi yenyewe: kusoma hesabu, kuendesha mkutano, kusimama mbele ya mkubwa pasipo kutetemeka. Uaminifu ni kuihifadhi mali ya watu. Mwenye nguvu asiye mwaminifu ataiba kwa ustadi. Na mwaminifu asiye na nguvu ataibiwa naye akitazama.

Basi haitoshi kusema, "Huyu ni mjomba wangu," wala "Huyu ni wa kabila letu," wala "Huyu ni mwenzetu msikitini." Aya ya 135 ya An-Nisaa imeamrisha uadilifu hata kama ni juu ya nafsi ya mtu, au wazazi, au jamaa. Mndengereko asimpe kura Mndengereko asiyefaa, wala Mmatumbi asimpe Mmatumbi asiyefaa. Na mgombea naye ajitazame. Abu Dharr alipotaka uongozi, Mtume alimwonya kwamba ni amana, na kwamba Siku ya Kiama utakuwa fedheha na majuto, illa kwa aliyeuchukua kwa haki yake akatimiza yaliyo juu yake.

Onyo hili lamfika pia mwenye kusimamia uchaguzi. Mwaka 2019 wagombea wengi wa upinzani nchini waliondolewa kwa sababu za ujazaji wa fomu, vyama vyao vikajitoa, na vijiji vingi vikapata viongozi waliopita bila kupingwa. Malalamiko ya jinsi hiyo yalisikika tena katika uchaguzi wa tarehe 27 Novemba 2024. Mwenye kushika kalamu na ajue: kumfuta mtu kwa hila ya herufi moja ni kuwanyang'anya watu ushahidi wao. Kalamu hiyo nayo itashuhudia.

MLANGO WA TANO
Damu

Hapana mlango mzito kama huu kwa watu wa Kibiti. Katika miaka ya 2016 na 2017 watu zaidi ya 30 waliuawa katika Kibiti, Rufiji na Mkuranga, na wengi wao walikuwa wenyeviti na watendaji wa vijiji na viongozi wa chama tawala. Tarehe 13 Aprili 2017 askari polisi wanane waliuawa kwa kuviziwa karibu na Jaribu Mpakani. Watu walilala kabla ya jua kuchwa. Pikipiki zikakatazwa usiku. Wenye vyeo wakavikimbia vyeo. Kisha katika msako, jamaa kadha wa kadha wakalalamika kwamba vijana wao walichukuliwa wasirudi, na jambo hilo likasemwa hadharani na wanasiasa.

Aya ya 32 ya Sura ya Al-Maida imebainisha kwamba kuiua nafsi moja pasipo haki ni kama kuwaua watu wote. Haikusema nafsi ya raia peke yake, wala nafsi ya askari peke yake. Aliyemwua mwenyekiti wa kijiji usiku mlangoni kwake, mbele ya watoto wake, hakutengeneza dini wala hakuondoa dhuluma. Aliwafanya watu wema waogope kuongoza, na uwanja ukabaki kwa wasioogopa kitu. Na mwenye silaha ya serikali amwuaye mtu pasipo kumfikisha kwa hakimu, naye amechukua lisilokuwa lake.

Wala jambo hili halikuwa la Kibiti tu. Siku ya uchaguzi mkuu, tarehe 29 Oktoba 2025, na siku zilizofuata, yalizuka maandamano na watu wakauawa katika miji kadhaa; Dar es Salaam ikawekewa amri ya kutotembea usiku. Novemba 2025 Rais akaunda tume ya kuchunguza chini ya Mohamed Chande Othman, Jaji Mkuu mstaafu. Wafiwa hawakupumzishwa na hesabu ya kura. Kura iliwekwa ili watu wapate kugombana pasipo kuuana. Basi wakisha kuuana, kura imekosa kazi yake, na kila aliyeiharibu kabla ya siku hiyo ana sehemu yake.

MASUALI NA MAJIBU

Suali: Je, mtu akae nyumbani asipige kura, aepuke fitna?
Jawabu: Wapo wanazuoni wasemao hivyo. Lakini mwenye kujua nani afaa kisha akanyamaza, na aihofie aya ya 283 ya Sura ya Al-Baqara juu ya kuficha ushahidi.

Suali: Nimekwisha kupokea khanga. Nifanyeje?
Jawabu: Tubia, uirudishe kama waweza, na umchague afaaye. Ahadi ya kufanya haramu haitimizwi.

Suali: Na ikiwa wote wawili hawafai?
Jawabu: Chagua mwenye madhara machache, kisha usilale miaka mitano. Mkutano mkuu wa kijiji huitishwa kila miezi mitatu. Hudhuria, uliza hesabu kwa adabu, wala usiondoke pasipo jibu.

Suali: Khabari za uzushi zinazoenea juu ya wagombea, nizipeleke mbele?
Jawabu: Sura ya Al-Hujurat, aya ya 6, imeamrisha kuchunguza kwanza. Usipochunguza, nyamaza.

KHATIMA

Maji ya Rufiji yakishuka na tope, hayakuchafuka mlangoni mwa bahari, yamechafuka juu. Na uongozi wa nchi ndivyo ulivyo: uchafu uonekanao mjini huanza kitongojini, katika mkono uliofunguka kupokea. Mwenye kutaka kuyasafisha na aanze na mkono wake. Mwenyezi Mungu atupe viongozi wenye kumwogopa, na atufanye wenye kustahiki kuwapata. Amin.