SOMO KWA WAZAZI: MTOTO ANATUTAZAMA NA KUTUIGA



Katika kambi kama Kinama, huko Muyinga, nyumba ni ndogo na majirani wako karibu. Mtoto huona karibu kila jambo tunalofanya: kupika sombe, kuteka maji, kumeza dawa, hata kugombana. Somo hili linaeleza anaelewa nini anapotutazama.

1. Mtoto hutambua nia

Mwaka 1998 mtaalamu wa Marekani, Amanda Woodward, aliwaonyesha watoto wa miezi 6 na 9 mkono ukishika kimoja kati ya vitu viwili. Walipozoea, vitu vilibadilishana mahali. Mkono uliposhika kitu kingine, watoto waliutazama kwa muda mrefu kuliko uliposhika kile cha kwanza mahali papya. Maana yake ni kwamba hata kabla ya kusema, mtoto hafuati mwendo wa mkono tu. Hufuata kile ambacho mkono unatafuta.

2. Mtoto huchagua cha kuiga

Mwaka 2002 György Gergely wa Hungaria na wenzake waliwaonyesha watoto wa miezi 14 mtu mzima akiwasha taa kwa kuigusa kwa paji la uso. Alipokuwa na mikono huru, karibu watoto 7 kati ya 10 walitumia kichwa kama yeye. Alipokuwa ameshika blanketi alilojifunika, ni kama 2 tu kati ya 10 waliofanya hivyo. Waliobaki walitumia mkono, kana kwamba wanasema: "Yeye alishindwa kutumia mikono, mimi ninaweza."

3. Asipojua sababu, huiga yote

Mwaka 2005 Victoria Horner na Andrew Whiten walilinganisha watoto wa miaka 3 na 4 wa Scotland na sokwe wa kisiwa cha Ngamba, Ziwa Victoria, Uganda. Wote walionyeshwa jinsi ya kutoa zawadi ndani ya sanduku, pamoja na hatua zisizo na kazi. Sanduku lilipokuwa la kuonyesha ndani, sokwe waliziacha hatua hizo. Watoto walizifanya zote.

Huo si ujinga. Mtoto humwamini mkubwa, na kwa njia hiyo hurithi kazi na desturi zetu. Lakini hurithi mabaya pia. Mwaka 1961 Albert Bandura alionyesha kwamba watoto waliomwona mtu mzima akimpiga mwanasesere walimpiga vivyo hivyo, hata kwa maneno yaleyale.

4. Tufanye nini?

- Mikono: Nawa kwa sabuni mbele ya mtoto kila utokapo chooni na kabla ya kula. Mwambie sababu. Ukinawa siku ya wageni tu, atajifunza kwamba kunawa ni kwa ajili ya wageni.

- Dawa: Usimeze vidonge mbele ya mtoto mdogo, wala usiviite peremende. Vifungie mahali asipofika.

- Ugomvi: Ukimpiga mtoto ili aache kupiga wenzake, anaona mkubwa anayepiga.

- Wahamasishaji wa afya: Watu wazima nao huiga hatua zisizo na kazi. Unapoonyesha maji ya chumvi na sukari kwa mtoto anayehara, pima wazi: maji safi lita 1, sukari vijiko vidogo 6, chumvi nusu kijiko kidogo, vyote vikiwa vimesawazishwa. Usikadirie kwa vidole, maana mama atakadiria nyumbani, na chumvi ikizidi inamdhuru mtoto. Kisha mwombe mama mmoja arudie mbele ya wenzake.

Maswali ya kuzungumza

1. Mtoto wako ameiga nini kwako wiki hii?
2. Je, anajua sababu ya jambo hilo?
3. Ni tendo gani usingependa alione tena?