Kuchagua Mimea ya Bustani Katika Nchi ya Jua

Mimi niko kidato cha sita, na huu ni mwaka wangu wa pili wa kusimamia bustani ya shule. Mwaka wa kwanza nilikosea sana, na kosa hilo ndilo lililonifundisha haya ninayotaka kuwaeleza.

Shule yetu iko Karamoja, karibu na Moroto, kaskazini-mashariki ya Uganda. Huku tuna majira moja tu ya mvua, tangu Aprili hivi mpaka Septemba au Oktoba, na hata hiyo mvua hukatika katikati. Baadaye jua huwaka na upepo mkavu huvuma kutoka mashariki.

Likizo moja nilikwenda kwa mjomba wangu, Kabale. Huko ni milimani, kiasi cha mita 2,000 juu ya bahari. Kuna baridi, na mvua huja mara mbili kwa mwaka. Mawaridi yake yalinipendeza, nikarudi na vipandikizi 40. Kila mmea ulitaka nusu debe la maji kila jioni, yaani madebe 20. Wadogo wetu wa kidato cha kwanza ndio walioyabeba.

Mwezi wa Februari pampu ya shule iliharibika, tukaenda kuteka kisima cha kijiji. Mama mmoja aliyekuwa nyuma yangu katika msitari aliniuliza, "Mwanangu, maji haya ni ya kupikia?" Nikajibu, "La, mama, ni ya maua." Akauliza tena, "Maua hayo mnayala?" Sikuwa na jibu. Nilimpisha ateke kwanza, nikarudi na madebe matupu. Baada ya majuma mawili mawaridi yote yalikuwa kuni.

Basi, haya ndiyo niliyojifunza.

Kwanza, kabla ya kupanda, tazama nje ya ua. Mmea unaosimama porini mwezi wa Februari bila kumwagiliwa na mtu umekwisha kufanya mtihani wake na kufaulu. Sisi tulipata mshubiri, mnyaa, mkwaju, na ule mti mfupi wenye shina nene na maua mekundu uitwao waridi la jangwa.

Pili, jua namna mmea unavyotunza maji. Mshubiri huweka akiba katika majani yake manene, na vitundu vya majani hayo hufunguka usiku hewa inapopoa, hufumba mchana. Mnyaa karibu hauna majani. Matawi yake ya kijani ndiyo yanayofanya kazi hiyo. Mwarobaini ulitoka upande wa Bara Hindi, nao hustahimili ukavu, ila hauwezi kusimama katika maji yaliyotuama. Bogenvilia asili yake ni Amerika ya Kusini; jina lake ni la Bougainville, baharia Mfaransa aliyefika Brazil mwaka 1767. Zile rangi zake tunazoziita maua kwa kweli ni majani. Maua yenyewe ni madogo meupe katikati. Ukiimwagilia mno hutoa majani mabichi tu. Ukiinyima kidogo, ndipo inapopamba.

Tatu, panda mvua zinapoanza, ili mizizi ipate miezi ya kushuka chini kabla ya kiangazi. Chimba shimo la sentimita 60, changanya udongo na samadi iliyooza, na ufanye kisahani cha udongo kuzunguka shina. Tandaza nyasi kavu, lakini zisiguse shina, maana mchwa watapanda.

Nne, mwagilia jioni, mara moja kwa juma, maji mengi yashuke chini. Maji kidogo ya kila siku huifundisha mizizi kukaa juu, na juu ndipo jua linapoichoma. Sasa mimea 40 hutumia madebe 20 kwa juma badala ya madebe 140, na mengi ni maji tuliyokwisha kuogea.

Nawaonya pia: utomvu wa mnyaa huumiza macho vibaya, hata kupofusha, na ule wa waridi la jangwa ulitumiwa kutia sumu mishale. Msiipande karibu na mahali wachezapo watoto.

Katika mimea 40 ya mwaka huu, 34 ingali hai. Sita ililiwa na mbuzi na mchwa. Bogenvilia zimefunika ukuta wa bweni letu. Juzi yule mama alipita njiani, akasimama kuzitazama. Nilimwambia kwamba hazikunywa hata debe moja la kisima chao. Akacheka, akaomba tawi la kupanda kwake, nami nikampa matatu.

Nanyi mliotutangulia, mkija kututembelea msituletee mawaridi. Tuleteeni mbegu za miti iliyo hai huko kwenu mwezi wa Februari.