Dondoo muhimu: Kubana wenzako kwenye kadi

Katika kadi inayochezwa Kariokor na mitaa jirani ya Eastlands, Nairobi, meza ikiwa na watu wanne au zaidi, anayeshinda ni anayejua kadi za kuhifadhi.

• Kubalianeni sheria kabla ya kugawa. Kila mtaa una zake, na ugomvi mwingi huanzia kwa Jokari.
• Usimwage 2 na 3, kadi za adhabu, mapema. Mwekee anayekufuata, atakapokaribia kumaliza na kusema "niko kadi".
• Anayekaribia kumaliza akiwa mbele yako, mruke kwa J au geuza mzunguko kwa K. Akiwa nyuma yako, K ni kosa kubwa: unampa zamu.
• Esi huzuia adhabu, tena huitisha aina unayotaka. Ukiwa na moja tu, itunze.
• Q na 8 ni maswali. Usiyatupe bila jibu la aina ileile, utaokota.
• Kosa linalowamaliza wengi: kujaza mkono kadi za kubana pekee. Humalizi kwa 2, 3, J, K wala Esi, kwa hiyo bakisha 4, 5, 6, 7, 9 au 10.
• Tangaza "niko kadi" zamu moja kabla ya kumaliza.