NI KIUNGO KIPI KWENYE SUPU KINACHONIUMIZA TUMBO?

Wahenga walisema asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Swali langu mwaka huu lilikuwa la tumboni. Najua kuna watakaocheka. Someni kwanza mpaka mwisho, kisha mcheke mkipenda.

Chanzo cha swali

Shangazi yangu, dada yake baba, ni mpishi katika mkahawa mmoja wa vyakula vya Asia jijini Nairobi. Jumapili ni siku yake ya mapumziko, na alikuwa na desturi ya kuja kwetu kutupikia supu iitwayo pho. Hii ni supu ya Vietnam. Mifupa ya ng'ombe huchemshwa kwa saa nyingi pamoja na tangawizi na vitunguu vilivyochomwa motoni, kisha hutiwa mdalasini, karafuu, kiungo kimoja chenye umbo la nyota, na sosi ya samaki. Mwishoni humiminwa juu ya tambi za mchele. Kwa hakika ni tamu. Ukiinusa, mate yanakudondoka.

Lakini kila nilipoinywa, jioni tumbo langu lilijaa kama ngoma. Lilinguruma, likanikata, na Jumatatu asubuhi nikawa mtu wa kuomba ruhusa ya kwenda msalani. Ilipotokea mara ya nne, jirani yetu mmoja akamwambia baba kwamba supu hizo hutiwa "dawa ya Kichina". Baba akajibu, "Lisemwalo lipo," akapiga marufuku supu nyumbani kwetu.

Shangazi hakubishana. Aliosha sufuria yake, akaifunga kwenye mfuko, akasema, "Basi sitawalisha sumu tena." Jumapili mbili zikapita bila yeye kubisha hodi. Hapo ndipo niliposhikwa na uchungu mwingine, si wa tumbo. Nilijiuliza: je, tumemhukumu mtu na supu yake nzima kwa kosa la kiungo kimoja tusichokijua?

Hatua ya kwanza: ondoa ugonjwa

Nilimweleza mwalimu wetu wa Bayolojia. Aliniambia nianzie zahanati, kwa kuwa tumbo lina maradhi mengi na si kila maumivu ni ya chakula. Huko choo changu kilipimwa minyoo na amiba, wasione kitu. Muuguzi aliniuliza kama nimewahi kuona damu chooni, kama ninakonda bila sababu, kama nina homa, au kama maumivu huniamsha usiku. Nilisema la. Mwenye dalili kama hizo asifanye majaribio ya jikoni. Amwone daktari.

Mwalimu akaongeza swali jingine: je, wote waliokula waliugua? Wote wakiugua, shuku usafi wa chakula. Kwa mfano, wali au tambi za mchele zilizoachwa mezani kwa saa nyingi huota bakteria aitwaye Bacillus cereus, na sumu yake moja haiharibiki hata ukipasha chakula moto. Kwetu tulikuwa sita mezani, nikaugua peke yangu. Basi tatizo lilikuwa kati ya tumbo langu na kiungo fulani.

Hatua ya pili: orodhesha washukiwa

Kusema "supu ya Kiasia" ni kama kusema "mboga ya Kiafrika". Bara ni kubwa na sufuria ni nyingi. Supu ya miso ya Japani hutengenezwa kwa soya iliyochachuliwa, pamoja na maji yaliyochemshwa na mwani na samaki mkavu. Tom yum ya Thailand ina mchaichai, pilipili, ndimu na mara nyingi kamba. Laksa ya Malaysia na Singapore aghalabu huwa na tui zito la nazi. Kwa hiyo mwenye kuumwa na laksa huenda hataumwa na miso. Hawa ndio washukiwa wakuu:

1. Kamba na samaki. Hawa huleta mzio kwa baadhi ya watu. Dalili zake huja upesi, mara nyingi kabla ya saa mbili kwisha: ngozi kuwasha, midomo kuvimba, kutapika, na hata pumzi kubana.

2. Ngano. Imo katika tambi nyingi za manjano, na pia katika sosi ya soya ya kawaida, jambo ambalo wengi hatulijui. Tambi za pho ni za mchele.

3. Pilipili. Ukali wake ni kemikali iitwayo kapsaisini. Mwaka 1997, David Julius na wenzake nchini Marekani waligundua mahali kapsaisini inaposhika kwenye neva. Ni mahali pale pale panapohisi joto la moto, ndiyo maana tunasema pilipili "inachoma". Mwaka 2021 alipewa Tuzo ya Nobel ya Tiba pamoja na Ardem Patapoutian.

4. Mafuta. Tui zito au supu yenye mafuta mengi hukaa tumboni muda mrefu, na mtu huhisi ameshiba kupita kiasi.

5. Vitunguu, maji na saumu. Hawa sikuwashuku hata kidogo. Kitunguu si mwenyeji wa kila jiko letu?

6. Glutameti, au MSG, ule unga mweupe wa kuongeza ladha. Huyu ndiye "dawa ya Kichina" aliyesemwa na jirani.

Kesi ya MSG

Mshukiwa huyu wa sita anastahili aya zake. Kwanza, asili yake si China. Mwaka 1908 mwanakemia Kikunae Ikeda wa Japani alitaka kujua kwa nini supu ya mwani ina utamu ambao si wa sukari wala wa chumvi. Akaipata glutameti, na ladha hiyo akaiita umami. Glutameti hiyo hiyo imo katika nyanya, uyoga, jibini, na hata katika maziwa ya mama. Basi sote tulianza kuionja kabla ya kuota meno.

Sifa mbaya ilitoka wapi? Mwaka 1968 daktari Robert Ho Man Kwok aliandika barua katika jarida la tiba la Marekani, New England Journal of Medicine. Alisema kwamba akila katika mikahawa fulani ya Kichina hufa ganzi shingoni, huishiwa nguvu na moyo humwenda mbio. Yeye mwenyewe alitaja washukiwa kadhaa: sosi ya soya, mvinyo wa kupikia, MSG na chumvi nyingi. Lakini watu walichukua mmoja tu, wakampa lawama zote, na mikahawa ya Kichina ikapakwa matope. Baadaye wanasayansi waliwapa watu waliosema MSG huwadhuru chakula chenye MSG na kisicho nayo, bila kuwaambia kipi ni kipi. Matokeo hayakulingana. Wachache walipata dalili ndogo za muda mfupi walipopewa gramu 3 au zaidi bila chakula, ilhali sahani ya kawaida iliyotiwa MSG huwa na chini ya nusu gramu.

Hatua ya tatu: jaribu kimoja kimoja

Nilimwendea baba na daftari mkononi, nikamweleza mpango wangu. Alikubali kwa shingo upande. Shangazi naye nilimpigia simu. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Nije saa ngapi?"

Kanuni ilikuwa moja: badilisha kitu kimoja tu kwa wakati mmoja. Ukitoa pilipili, kitunguu na sosi siku moja, kisha ukapona, utajuaje ni kipi? Kila Jumapili nilikunywa bakuli mbili zile zile, saa saba mchana, na niliandika saa ambayo dalili zilianza. Matokeo ni haya:

Jumapili ya 1: Mifupa, tangawizi, chumvi na tambi za mchele tu. Shwari.

Jumapili ya 2: Tuliongeza sosi ya samaki. Shwari.

Jumapili ya 3 na ya 4: Zamu ya MSG. Dada yangu alirusha sarafu kuamua itiwe siku gani kati ya hizo mbili, akaandika jibu kwenye karatasi na kuificha. Jumapili ya 3 nilihisi tumbo likivurugika, nikaandika, "Leo imo!" Jumapili ya 4 sikuhisi lolote. Karatasi ilipofunguliwa, kumbe ilitiwa siku ya 4! Ile ya 3 niliumwa na hofu yangu mwenyewe. Dada alinicheka mpaka akakaa chini.

Jumapili ya 5: Mdalasini, karafuu na kile kiungo cha nyota. Shwari.

Jumapili ya 6: Pilipili. Mdomo uliwaka na nikapata kiungulia kwa muda wa saa moja hivi, lakini tumbo halikujaa.

Jumapili ya 7: Vitunguu maji vitatu vilivyochomwa, na kitunguu saumu kizima, vyote vikachemshwa ndani ya supu na kutolewa kabla ya kupakua. Saa kumi na moja jioni, yaani saa nne baadaye, ngoma ikaanza kulia. Baba akasema, "Si nilisema?" Nikamfungulia daftari, nikamwonyesha Jumapili ya 4. Alisoma, akanirudishia bila neno.

Jumapili ya 8: Tulirudia supu ya siku ya kwanza ili tumbo litulie. Shwari.

Jumapili ya 9: Vitunguu tena, kwa kuwa harufu yake haifichiki na hofu ingeweza kunidanganya kama awali. Maumivu yakaja saa ile ile.

Kwa nini kitunguu?

Kitunguu maji, kitunguu saumu na ngano vina aina ya wanga iitwayo fruktani. Mwili wa binadamu hauna kimeng'enya cha kuivunja, kwa hiyo hupita utumbo mwembamba jinsi ilivyo mpaka utumbo mpana. Huko bakteria huichachua na kutoa gesi. Kwa watu wengi hilo si tatizo, lakini matumbo ya wengine, kama langu, ni mepesi kuhisi. Safari hiyo huchukua saa kadhaa, ndiyo maana sikuumwa mezani.

Mtauliza: kwani nyumbani hamli vitunguu? Tunakula, lakini kitunguu kimoja hugawanywa kwa watu sita. Kwenye supu, vitatu na saumu nzima viliachia fruktani yao majini, nami nikanywa bakuli mbili. Kutoa vipande hakusaidii, maana fruktani huyeyuka katika maji na hubaki kwenye supu. Hapo nikakumbuka arusi moja ambapo nilijaza sahani kachumbari. Usiku ule pia sikulala, lakini hakuna aliyesema kachumbari ni sumu.

Sasa njoo kwenye siri tamu. Fruktani huyeyuka katika maji, lakini haiyeyuki katika mafuta. Jumapili ya 10 shangazi alikaanga vitunguu katika mafuta, akavichuja vyote, akatia mafuta yale matupu kwenye supu, kisha akanyunyiza majani ya kijani ya kitunguu, ambayo yana fruktani kidogo sana. Harufu ile ile, utamu ule ule. Tumbo? Shwari! (Mafuta hayo yatumiwe siku hiyo hiyo. Mafuta ya kitunguu saumu yakiwekwa siku nyingi nje ya friji huweza kuzalisha sumu hatari.)

Mambo ya kukumbuka

Kwanza, majibu haya ni ya tumbo langu. La kwako huenda lina mshukiwa mwingine, lakini njia ya kumtafuta ni ile ile.

Pili, aliyewahi kuvimba midomo au kubanwa na pumzi baada ya kula kamba, samaki au njugu asijaribu tena nyumbani, hata kidogo. Hiyo ni kazi ya daktari.

Tatu, anayeshuku ngano apimwe kwanza kabla ya kuacha kuila, kwa maana ukishaiacha, kipimo cha damu huweza kukosa kuonyesha ugonjwa.

Nne, ukishampata mkosaji, warudishe wengine wote mezani. Usiishi ukiogopa vyakula kumi kwa kosa la kimoja.

Tulimshuku mgeni kwa sababu jina lake hatulijui, kumbe kikulacho ki nguoni mwako. Siku ile ya kumi baba alikuwa mezani. Alikunywa bakuli moja, akaongeza la pili. Kisha akamwambia shangazi, bila kumtazama usoni, "Dada, Jumapili ijayo uongeze tambi."

Sufuria ya shangazi haijafungwa mfukoni tena. Siku hizi inalala kwetu.

Msamiati

Kiungulia: hisia ya kuchomeka kifuani au kooni baada ya kula.
Kimeng'enya: kitu mwilini kinachosaidia kuvunja chakula.
Kuchachua: kufanya kitu kiumuke au kiwe kichachu kwa kazi ya vijidudu.
Mchaichai: majani marefu yenye harufu ya limau, hutiwa katika chai au supu.
Mzio: hali ya mwili kukataa kitu ambacho hakiwadhuru watu wengine.