Daftari la Mvua: Mwongozo kwa Wasomaji wa Vipimamvua Madimba na Mwambao wa Ruvuma

Kati ya tarehe 22 na 24 Januari 2016 dhoruba kubwa ya theluji iliufunika mji wa New York. Jumla iliyotangazwa kutoka bustani ya Central Park, ambako theluji ya mji huo hupimwa tangu karne ya 19, ilikuwa inchi 26.8. Rekodi iliyokuwapo, ya Februari 2006, ilikuwa inchi 26.9. Rekodi ilikosekana kwa sehemu moja ya kumi ya inchi, yaani milimita 2.5. Miezi mitatu baadaye uchunguzi wa Idara ya Hali ya Hewa ya Marekani ulibaini kwamba tarakimu ilikosewa katika mawasiliano kati ya idara na wapimaji wa bustani. Jumla sahihi ilikuwa inchi 27.5, karibu sentimita 70, na rekodi ikahamia mwaka 2016. Theluji ilikuwa imekwisha kuyeyuka zamani. Kilichosahihishwa ni maandishi.

Madimba, mkoani Mtwara, haina theluji. Ina mvua ya msimu mmoja, inayoanza kati ya Novemba na Desemba na kukoma Aprili au Mei, na ina watu wengi ambao kazi zao huitegemea mvua hiyo au huiogopa: wakulima wa korosho na mpunga, wenye mashamba ya chumvi, wavuvi wa Msimbati, makandarasi wa barabara, na watumishi wa mitambo ya kusafisha gesi asilia. Kwa hiyo kipimamvua hutunzwa na watu wa kada mbalimbali. Yupo afisa ugani, yupo mwalimu, yupo karani wa chama cha ushirika, yupo msimamizi wa eneo la ujenzi. Mwongozo huu unawahusu wote, kwa sababu kosa la New York linaweza kutokea katika daftari la shule ya kijiji, ambako hakuna kamati ya kulichunguza.

Inafaa kwanza kueleza theluji hupimwaje, maana ugumu wake unafundisha. Mpimaji huweka ubao mweupe mahali pa wazi, husoma kina cha theluji mpya kwa rula, kisha huufuta ubao ili uanze upya. Kufuta huko kunaruhusiwa kila baada ya saa sita, yaani si zaidi ya mara nne kwa siku. Sababu ni kwamba theluji hujishindilia kwa uzito wake. Anayepima mara nyingi zaidi huijumlisha ikiwa bado laini, na jumla yake hupanda bila theluji kuongezeka. Januari 1997 mpimaji wa Montague, jimbo la New York, alipata inchi 77 ndani ya saa 24, kiasi ambacho kingekuwa rekodi ya Marekani nzima. Ilibainika kwamba alikuwa amepima mara sita. Kipimo kilikataliwa, na rekodi ikabaki ya Silver Lake, Colorado, ya Aprili 1921. Suala halikuwa uongo. Utaratibu haukufuatwa, na hilo lilitosha.

Maji ya mvua hayajishindilii. Ukiyapima mara moja au mara sita, jumla ni ile ile, mradi hakuna tone lililomwagika wala kukauka. Hiyo ndiyo nafuu ya msomaji wa kipimamvua, na ndiyo inayomnyima kisingizio. Milimita moja ya mvua ni lita moja ya maji juu ya kila mita moja ya mraba. Mvua ya milimita 40 juu ya paa la bati lenye mita za mraba 100 ni lita 4,000, na hesabu hiyo pekee inatosha kumsaidia mwalimu mkuu kuamua ukubwa wa tangi la shule. Ndoo ya plastiki haifai kwa kazi hii. Ni pana juu na nyembamba chini, hivyo kina cha maji ndani yake huonekana kikubwa kuliko mvua iliyonyesha. Ikiwa kipimamvua rasmi hakijapatikana, chombo chenye kuta zilizonyooka toka chini hadi mdomoni kinaweza kushika nafasi kwa muda, na daftari litaje wazi kwamba ndicho kilichotumika.

Mahali pa kuweka chombo huamua thamani ya kila kitakachoandikwa, na hapa ndipo vituo vingi vya vijijini hukosea. Mkorosho wenye kivuli kizuri ni mahali pazuri pa kikao na pabaya pa kipimamvua. Umbali kutoka kwenye mti, ukuta au nguzo uwe angalau mara mbili ya urefu wa kizuizi hicho, na mara nne ni bora zaidi. Mnazi wa mita 15 unahitaji nafasi ya mita 30 kwa uchache. Mdomo wa chombo uwe sawa kabisa, usiinamie upande, na katika vituo vyetu kwa kawaida huwa sentimita 30 kutoka ardhini. Juu ya paa hapafai, kwani upepo wa bahari huyapeperusha matone kabla hayajaingia. Nyasi zikatwe. Uzio uwekwe dhidi ya mbuzi na watoto, ila usiwe mrefu kiasi cha kukinga mvua. Faneli ikaguliwe kila siku, hata wakati wa kiangazi, kwa maana jani moja au kiota cha mdudu hulizuia tundu na mvua ya kwanza ya msimu hupotea yote.

Kusoma hufanyika saa tatu asubuhi, kila siku, bila kujali kama mvua imenyesha. Maji humiminwa katika bilauri ya vipimo iliyotengenezwa kwa chombo hicho hicho. Bilauri ya kipimamvua cha kipenyo kingine hutoa jibu lisilo na maana. Bilauri huwekwa mahali tambarare na jicho huteremshwa hadi usawa wa maji. Uso wa maji hupinda kidogo kingoni, hivyo husomwa sehemu ya chini ya mpindo. Tarakimu huandikwa kabla maji hayajamwagwa. Mpangilio huu unaonekana mdogo, lakini mwenye shaka akishamwaga maji hana tena pa kurudi.

Kwa kuwa kipimo cha saa tatu asubuhi hubeba kwa sehemu kubwa mvua ya jana, ukurasa wa kwanza wa daftari useme tarakimu huandikwa kwenye tarehe ipi. Kituo kibadilishapo msomaji, kanuni hiyo isibadilike naye.

Jambo zito kuliko yote katika daftari ni tofauti kati ya sifuri na pengo. Sifuri ina maana kwamba mtu alikwenda, akatazama, akakuta hakuna maji. Siku ambayo hakuna aliyekwenda haina sifuri. Ina alama ya kutosomwa. Matone yasiyofikia kipimo nayo yana alama yake, kwa kuwa si ukavu. Ikiwa Jumamosi na Jumapili zilipita bila usomaji, maji ya Jumatatu ni jumla ya siku tatu na huandikwa hivyo. Kuyagawa kwa tatu ili ukurasa upendeze ni kubuni takwimu. Msomaji anayeacha pengo la kweli anastahili heshima kuliko yule mwenye ukurasa uliojaa asiyekumbuka aliujazaje, na wakuu wa kazi wangefanya vyema kulisema hilo waziwazi, maana mara nyingi pengo hukaripiwa na tarakimu ya kubuni husifiwa. Kosa la maandishi hukatwa kwa mstari mmoja, tarakimu ya zamani ikibaki inasomeka, na aliyesahihisha huweka saini.

Shinikizo lipo. Mkandarasi anayeomba nyongeza ya muda hufaidika na siku nyingi za mvua katika kumbukumbu. Anayemlipa hufaidika na chache. Anayetaka fidia ya mazao hutamani mvua iwe kubwa au pungufu, kulingana na hasara yake. Msomaji hana upande katika madai hayo. Wajibu wake ni kuonyesha daftari kwa mwenye haki ya kuliona na kukataa kuligusa baada ya tarehe kupita. Haki yake ni kufundishwa kazi kabla ya kuwajibishwa, kupewa vifaa kamili, na kutoadhibiwa kwa tarakimu isiyompendeza mkubwa.

Wakati wa dhoruba masharti hubadilika. Kimbunga Kenneth kilipokaribia Aprili 2019, wakazi wa mabondeni Mtwara waliagizwa kuhama na shule zikafungwa; hatimaye tarehe 25 kilitua Cabo Delgado, kusini mwa mto Ruvuma. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipiga Mafia, na mvua zake zikaikata barabara ya kwenda Dar es Salaam eneo la Somanga. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania huhesabu milimita 50 ndani ya saa 24 kuwa mvua kubwa, na chombo kidogo kinaweza kufurika. Kwa sababu hiyo kipimamvua kisomwe na kumwagwa kabla dhoruba haijafika, na saa iandikwe. Baada ya hapo hakuna mtumishi anayepaswa kuagizwa kutoka nje kwenye upepo ili kupata tarakimu. Maji yanaweza kungoja. Upepo ukitulia, hupimwa yaliyomo kwenye chupa ya ndani ya kipimamvua pamoja na yaliyofurikia kwenye ganda la nje. Ikiwa ganda nalo lilijaa, huandikwa kwamba mvua haikupungua kiasi kilichopimwa. Utabiri na tahadhari ni kazi ya Mamlaka. Msomaji hatangazi rekodi. Hupeleka kipimo, na rekodi huthibitishwa baada ya kulinganishwa na vituo jirani.

Kupeleka kipimo ndiko kulikoharibika New York. Kwa simu, tarakimu hutajwa moja moja pamoja na nukta yake: sita, nane, nukta, mbili. Anayepokea huirudia kwa sauti, na jina lake na saa ya mazungumzo huandikwa pembeni. Ukurasa hupigwa picha kila mwisho wa mwezi na nakala kuhifadhiwa katika jengo jingine. Msomaji anapohamishwa, hukabidhi daftari, bilauri na funguo za uzio mbele ya shahidi, na yeye na mrithi wake husoma pamoja kwa siku kadhaa, kila mmoja akiandika kwenye karatasi yake kabla ya kulinganisha.